Joto la Nyoka Aishiye Mchangani

Katika masomo yaliyopita tulijifunza mambo mawili. Kwanza, tulijifunza kwamba joto husafiri kutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi, nalo hupita kwa njia tatu: mpitisho, msafara na mnururisho. Pili, tulijifunza kwamba wako wanyama ambao miili yao hutengeneza joto la kuwatosha, kama vile binadamu, ng'ombe na kuku. Na wako wanyama ambao hutegemea joto la mahali wanapoishi, kama vile samaki, chura, mjusi na nyoka.

Katika somo hili tutayatumia maarifa hayo mawili kujibu swali moja: Je, mtoto wa nyoka anayejichimbia mchangani, akiwekwa kizimbani, atapatiwaje joto bila kudhuriwa? Swali hili laonekana dogo. Lakini mtu asiyeelewa njia za joto aweza kumwunguza mnyama kwa chombo kile kile alichokileta kumsaidia.

1. Nyoka tutakayemchunguza

Katika nchi kavu za Afrika ya Mashariki na Kaskazini-Mashariki huishi nyoka mmoja mfupi na mnene. Wataalamu humwita Eryx colubrinus. Aliandikwa katika vitabu vya sayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1758 na mtaalamu wa Sweden aitwaye Carl Linnaeus. Nyoka huyu hupatikana Misri, Sudan, Ethiopia, Somalia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Sisi hapa tutamwita nyoka wa mchangani.

Nyoka wa mchangani hana sumu. Huua panya wadogo na mijusi kwa kuwabana, kama afanyavyo chatu. Rangi yake ni ya manjano au ya machungwa, yenye mabaka ya kahawia iliyoiva. Mkia wake ni mfupi, macho yake ni madogo, na kichwa chake si kipana kuliko shingo. Umbo hilo humsaidia kupenya mchangani kama kabari ipenyavyo katika ubao. Hujifukia na kubakiza macho na pua tu, akingojea windo lipite karibu.

Jike hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai. Mtoto aliyezaliwa ana urefu wa sentimita 20 hivi, nao mwili wake si mnene kuliko kidole cha mtu mzima. Tangu siku ya kwanza hujichimbia mwenyewe.

Kwa kuwa nyoka huyu ni mpole na hahitaji nafasi kubwa, watu wengi wa Ulaya na Marekani humfuga majumbani. Huko majira ya baridi ni makali, kwa hiyo wafugaji hulazimika kumpatia joto kwa umeme. Hata hapa kwetu, kituo chenye nyoka wa nchi kavu katika mahali pa baridi kama Njombe kingekuwa na kazi hiyo hiyo mwezi wa Juni na Julai.

2. Kwa nini nyoka huhitaji joto la nje

Mwili wa nyoka hufanya kazi vizuri ukiwa na joto la kufaa. Nyoka akipoa mno, tumbo lake hushindwa kusaga chakula. Panya aliyemezwa huweza kuoza tumboni, na nyoka humtapika. Akipata joto kupita kiasi, maji hupungua mwilini na hatimaye hufa.

Kwa nyoka wa mchangani aliye kizimbani, upande wa joto hufaa uwe na nyuzi 32 hadi 34 za Sentigredi, na upande wa baridi uwe na nyuzi 24 hadi 27. Nyoka hahitaji joto la namna moja mchana kutwa. Huenda upande wa joto anapotaka kusaga chakula, kisha hurudi upande wa baridi. Kwa hiyo kizimba kizuri si kile chenye joto lililo sawa kila mahali, bali ni kile kinachompa mnyama nafasi ya kuchagua.

Mtoto wa nyoka yumo katika hatari kubwa kuliko nyoka mzima. Ili kuelewa sababu yake, chukua kikombe cha chai na ndoo ya maji, vyote vikiwa na joto sawa. Viache mezani. Kikombe hupoa haraka, na ndoo hukawia. Ukiviweka juani, kikombe hupata joto haraka, na ndoo hukawia. Kitu kidogo hupata joto upesi na hupoa upesi. Mwili wa mtoto wa nyoka ni kama kile kikombe. Kosa ambalo nyoka mkubwa angeweza kulivumilia kwa saa kadhaa, mtoto huenda asilivumilie.

3. Joto la ardhini

Jaribio la 1

Vifaa: vipimajoto viwili vya maabara, kijiti, rula, saa.

Tahadhari: Usitumie kipimajoto cha hospitali. Hicho kimetengenezwa kupima joto la mwili tu, nacho hupasuka kikitiwa mahali penye joto kali. Tena, usisukume kipimajoto kwa nguvu mchangani. Toboa kwanza kwa kijiti.

Hatua: Chagua mahali penye mchanga mkavu ambapo jua hupiga kutwa nzima. Weka kipimajoto cha kwanza ili ncha yake ifunikwe kidogo tu na mchanga wa juu. Weka cha pili ili ncha yake ifike kina cha sentimita 20. Soma joto saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7 mchana, saa 10 na saa 12 jioni. Andika majibu yako katika jedwali.

Utaona kwamba mchanga wa juu hubadilika sana. Asubuhi huwa wa baridi. Mchana huwa wa moto hata huwezi kuukanyaga bila viatu. Katika majangwa, mchanga wa juu huweza kupita nyuzi 60 wakati wa mchana. Lakini kule chini joto hubadilika kidogo tu. Hii ni kwa sababu mchanga mkavu una hewa nyingi kati ya punje zake, na hewa hupitisha joto kwa shida. Mchanga mkavu ni kihami, kama vile blanketi.

Sasa fikiri juu ya nyoka wa mchangani. Mababu zake wameishi katika mchanga huo kwa maelfu na maelfu ya miaka. Joto la hatari limekuwa likitoka juu siku zote, yaani kwenye jua. Kimbilio limekuwa chini siku zote. Basi mwili wake umezoea kanuni moja: joto likizidi, chimba uende chini.

Mtoto wa nyoka hakufundishwa kanuni hiyo na mtu yeyote. Amezaliwa nayo.

4. Joto linapotoka chini

Wafugaji wengi hutumia bamba jembamba la umeme ambalo hulazwa chini ya sanduku la kioo. Bamba hupasha kioo joto, kioo hupasha mchanga, na mchanga humpasha nyoka. Joto hapa husafiri kwa mpitisho. Hebu tuone mambo yanayotokea.

Jaribio la 2

Vifaa: bati pana la kuokea mikate au kopo pana, mchanga mkavu, beseni, maji ya moto, vipimajoto viwili vya maabara, saa.

Hatua: Jaza mchanga ndani ya kopo hadi kina cha sentimita 10. Weka ncha ya kipimajoto cha kwanza karibu kabisa na sakafu ya kopo. Weka ncha ya kipimajoto cha pili chini kidogo ya uso wa mchanga. Mwalimu atamimina maji ya moto katika beseni. Weka kopo ndani ya beseni ili maji yafike chini ya kopo tu, yasiingie mchangani. Soma vipimajoto vyote viwili kila baada ya dakika 5, kwa muda wa nusu saa.

Utaona kwamba mchanga wa chini hupata joto upesi sana, na mchanga wa juu hubaki karibu kama ulivyokuwa. Mtu akigusa mchanga wa juu kwa kidole atasema, "Hapa hapana joto." Naye atakuwa amekosea, kwa maana sentimita 10 chini ya kidole chake mambo ni mengine.

Linganisha jedwali la Jaribio la 1 na jedwali la Jaribio la 2. Mpangilio wa joto umepinduka. Katika ardhi ya kawaida wakati wa mchana, kadiri uchimbavyo ndivyo unavyokuta baridi. Katika sanduku lenye bamba la joto chini yake, kadiri uchimbavyo ndivyo unavyokuta moto.

5. Jinsi ajali inavyotokea

Tuseme mfugaji mmoja ameweka bamba la umeme chini ya sanduku la kioo. Ametia mchanga wa kina cha sentimita 12 ili nyoka wake apate kujichimbia vizuri. Amebandika kipimajoto ukutani mwa sanduku, juu ya mchanga. Kipimajoto kinaonyesha nyuzi 24. Mfugaji anadhani joto halitoshi, kwa hiyo anaongeza nguvu ya umeme. Baada ya saa moja kipimajoto kinaonyesha nyuzi 25. Anaongeza tena.

Mfugaji huyu ana nia njema. Lakini kipimajoto chake kinapima hewa, na nyoka haishi hewani. Mchanga, kwa kuwa ni kihami, umelizuia joto lisipande. Joto linajikusanya kwenye kioo cha chini. Huko ndiko aliko mtoto wa nyoka.

Je, nyoka hatakimbia? Hapa ndipo ilipo hatari. Anapohisi joto limezidi, hufuata kanuni aliyozaliwa nayo, akachimba kwenda chini. Hufika kwenye kioo chenye moto, naye huweza kukaa pale pale hata ngozi ya tumbo ikaungua. Hana sauti ya kulia. Amefunikwa na mchanga, kwa hiyo haonekani. Mfugaji huweza kugundua baada ya siku kadhaa, aonapo magamba ya tumbo yamekuwa mekundu au yamefanya malengelenge. Waganga wa mifugo wanaotibu wanyama wa namna hii huzijua vema ajali za kuunguzwa na vipasha joto.

Hivyo basi, kosa halikuwa kukosa kipimajoto. Kosa lilikuwa kupima mahali asipoishi mnyama.

6. Njia ya salama ya kupasha joto kizimba

Mtu aliyepewa kazi ya kutunza nyoka wa namna hii hufuata kanuni hizi:

(a) Bamba la joto liwe upande mmoja tu, nalo lisizidi theluthi moja ya sakafu. Sehemu iliyobaki ni kimbilio la baridi.

(b) Bamba liwe nje ya sanduku, chini ya kioo, lisiwe ndani. Sanduku liinuliwe kidogo kwa vigingi vifupi ili hewa ipite chini yake. Kusipokuwa na nafasi hiyo, joto hujikusanya na kioo huweza kupasuka.

(c) Mchanga au maranda ya mbao yaliyo juu ya bamba yasiwe na kina kirefu. Sentimita 4 au 5 zatosha kwa mtoto wa nyoka kujifukia. Upande wa baridi unaweza kuwa na kina kirefu zaidi.

(d) Ncha ya kipimajoto iwekwe juu ya kioo palipo na bamba, chini ya mchanga, yaani mahali penye joto kali kuliko pote ambapo nyoka aweza kufika. Mahali hapo pasizidi nyuzi 34. Kipimajoto cha pili kiwekwe upande wa baridi.

(e) Bamba liunganishwe na themostati. Chombo hiki tutakieleza hivi punde.

(f) Kizimba kijaribiwe kikiwa kitupu, pamoja na mchanga wake, kwa usiku mmoja na mchana mmoja. Nyoka awekwe humo baada ya kuhakikisha kwamba joto halipandi wala halishuki kupita kiasi.

(g) Bakuli la maji liwekwe upande wa baridi, nalo liwe zito ili lisipinduliwe. Waya na soketi viwe mbali na maji.

Iko njia nyingine, nayo ni kupasha joto kutoka juu kwa balbu au kwa kipasha joto cha kauri kisichotoa nuru. Joto husafiri kwa mnururisho, kama lile la jua. Njia hii hurudisha mpangilio wa asili, kwani nyoka akichimba hukuta baridi. Hata hivyo balbu lazima izungushiwe wavu wa chuma, nyoka asipate kuigusa. Nayo pia huhitaji themostati, na mchanga ulio chini yake hupimwa vile vile.

7. Themostati hufanyaje kazi?

Themostati ni chombo kinachowasha na kuzima umeme chenyewe kulingana na joto. Pengine umekwisha kuiona bila kuijua. Pasi ya umeme ikipata joto la kutosha, taa yake ndogo huzimika. Ikipoa kidogo, taa huwaka tena. Kazi hiyo hufanywa na themostati.

Tumejifunza kwamba metali hutanuka zikipata joto, lakini hazitanuki kwa kiasi kilicho sawa. Shaba hutanuka zaidi kuliko chuma. Ukiunganisha ukanda wa shaba na ukanda wa chuma ubavu kwa ubavu, kisha ukavipasha joto, shaba itarefuka zaidi na ukanda wote utapinda kuelekea upande wa chuma. Katika themostati ya namna hii, ukanda ukipinda huachana na ncha ya waya na umeme hukatika. Ukipoa hunyooka, hugusa tena, na umeme hupita. Siku hizi themostati nyingi ni za elektroniki, lakini kazi yake ni ile ile.

Jambo la kukumbuka ni kwamba themostati hujua tu joto la mahali ilipowekwa ncha yake. Ncha ikiachwa hewani, themostati itadanganyika kama alivyodanganyika yule mfugaji. Itazidi kuwasha umeme wakati mnyama anaungua. Chombo kizuri hakiwezi kusahihisha fikra mbaya za mtu aliyekiweka.

8. Mambo ya kuepukwa

Usiweke sanduku la kioo juani. Mwanga wa jua hupenya kioo na kugeuka joto ndani, na joto hilo hushindwa kutoka. Mnyama aliye ndani huweza kufa kwa muda mfupi.

Usitumie jiko la mkaa kupasha joto chumba kilichofungwa, kwa ajili ya mnyama wala kwa ajili ya watu. Mkaa unaoungua hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Usifunike bamba la umeme wala balbu kwa nguo au karatasi. Usishike soketi kwa mikono yenye maji.

9. Kifaranga na nyoka

Huenda nyumbani kwenu au shuleni mmewahi kulea vifaranga. Vifaranga wa juma la kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35, karibu sawa na upande wa joto wa kizimba cha nyoka. Mlezi mwema hutazama vifaranga wenyewe. Wakisongamana chini ya taa, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kufungua midomo, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, wako sawa.

Kifaranga husema kwa mwendo wake na kwa sauti yake. Nyoka aliye chini ya mchanga hasemi neno, wala haonekani. Kwa hiyo anayemtunza mnyama wa namna hiyo hana budi kujua kabla, kwa kupima na kufikiri, mambo ambayo mlezi wa vifaranga huyajua kwa kutazama.

10. Tahadhari kwa mwanafunzi

Somo hili halikutumi kutafuta nyoka. Usimshike nyoka yeyote wa porini hata kama unadhani unamfahamu. Kifutu, ambaye ana sumu kali, naye ni mfupi, mnene na mwenye mabaka. Tena wako nyoka wengine wanaoishi ardhini, wa jamii ya Atractaspis, ambao huweza kumchoma mtu kwa jino la sumu hata wakiwa wameshikwa nyuma ya kichwa. Ukimwona nyoka, rudi nyuma polepole na umwambie mtu mzima. Mtu aliyeumwa apelekwe hospitali mara moja.

Aidha, kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hairuhusiwi nchini Tanzania kukamata au kufuga mnyama wa porini bila kibali. Nyoka wa mchangani yumo pia katika orodha ya wanyama ambao biashara yao kati ya nchi na nchi husimamiwa na mkataba wa kimataifa ulioanza kufanya kazi mwaka 1975. Anayetaka kuwatazama nyoka kwa usalama aweza kwenda penye wataalamu, kama vile bustani ya nyoka ya Meserani karibu na Arusha.

Muhtasari

Nyoka hutegemea joto la nje. Porini, joto la hatari hutoka juu, na nyoka wa mchangani huokoka kwa kuchimba. Bamba la umeme likiwekwa chini, mpangilio huo hupinduka, na kimbilio hugeuka kuwa mahali pa kuungulia. Kwa hiyo joto lipimwe chini, mahali aishipo mnyama. Lidhibitiwe na themostati. Na upande mmoja wa kizimba uachwe uwe wa baridi.

Maswali

1. Taja njia tatu za kusafiri kwa joto. Bamba la umeme chini ya kioo humpasha nyoka joto kwa njia gani? Na balbu je?
2. Kwa nini mchanga mkavu ni kihami?
3. Chora grafu ya majibu yako ya Jaribio la 1. Ni mstari upi unaopanda na kushuka zaidi? Eleza sababu.
4. Mfugaji aliyetajwa katika sehemu ya 5 angeweka wapi kipimajoto chake? Kwa nini?
5. Kwa nini mtoto wa nyoka huathiriwa na joto upesi kuliko nyoka mzima?
6. Eleza kwa mchoro jinsi ukanda wa shaba na chuma unavyokata umeme.
7. Rudia Jaribio la 2 kwa mchanga wenye kina cha sentimita 4. Je, tofauti ya joto kati ya chini na juu imeongezeka au imepungua? Majibu yako yanaunga mkono kanuni ipi katika sehemu ya 6?
8. Tunza kumbukumbu za banda la vifaranga kwa juma moja: joto la chini ya taa, joto la pembeni, na mahali walipo vifaranga. Waeleze wenzako darasani uliyoyaona.